Hotuba za kupigania uhuru: ya Mombasa iko wapi?

MakupaJuu

Wadau, salamu. Jamhuri ikikaribia tu, simu zetu hufurika hotuba. Mara Mandela kizimbani, mara King na ndoto yake, mara Lumumba mbele ya mfalme wa Ubelgiji, mara Mwalimu Nyerere na mwenge wake. Nazipenda zote, nyengine nazijua kwa moyo. Ila nauliza: ya Mombasa ni ipi?

Na msinijibu kwamba Mombasa haikuwa na la kusema. Januari 1947 mji huu ulisimama tuli. Kuanzia tarehe 13, kwa siku 12, wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma: makuli wa Kilindini, watu wa reli, watumishi wa mahoteli, mpaka maboi na wapishi wa majumbani. Kila siku walikutana kwenye uwanja wa mpira walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Maelfu ya watu wakihutubiana siku nenda siku rudi! Aliyeshika uongozi wa chama chao alikuwa Chege Kibachia, kijana aliyekuja Mombasa kutafuta kazi kama wengi wao. Haya, nitajieni sentensi moja ya Kibachia. Moja tu.

Dai langu ni hili, na mwenye jiwe atupe. Hotuba za ukombozi tunazozijua si lazima ziwe ndizo zilizokuwa bora. Ni zile zilizopata mwandishi, na mara nyingi mwandishi mwenyewe alikuwa adui. Tarehe 26 Julai 1952 Kenyatta alihutubia mkutano wa chama chake cha KAU kule Nyeri, watu kama 30,000. Aliieleza bendera ya chama rangi kwa rangi. Nyekundu, alisema, ni kuonyesha kwamba damu ya Mwafrika ina rangi moja na damu ya Mzungu. (Linganisheni na tulivyofundishwa shuleni kuhusu nyekundu ya bendera ya taifa, ile ya damu iliyomwagika. Hii ya 1952 ilikuwa hoja ya usawa kabla ya kuwa hoja ya vita.) Maneno hayo tunayo kwa sababu ofisa wa polisi alikuwepo akiyaandika, na serikali ya kikoloni ikaja kuyachapisha kwenye ripoti ya Corfield kuhusu Mau Mau mwaka 1960, kama ushahidi wa ubaya wake.

Mandela vilevile. Sauti ya 20 Aprili 1964 ilibaki kwenye mikanda ya kurekodia ya mahakama ileile iliyomfunga maisha. Makaburu ndio waliotutunzia!

Kiwanja cha Maskini hakikupata bahati hiyo. Sasa kila tukihesabu "wasemaji wakubwa" wa uhuru, Pwani tunaonekana mabubu.

Mwalimu_Zamu

Ndugu MakupaJuu, uzi mzuri, lakini unampa askari sifa nyingi kuliko anazostahili.

Chukua huyohuyo Mandela. Hakushtukizwa na mkanda wa mahakama. Yeye na wenzake walikata shauri kwamba hatatoa ushahidi wa kuhojiwa na mwendesha mashtaka, bali atasoma maelezo yake akiwa kizimbani, ambapo hakuna wa kumkatiza. Aliyaandika kwa muda mrefu, usiku, selini. Mawakili waliyaona yale maneno ya mwisho, kwamba yuko tayari kufa kwa ajili ya jamii huru na ya usawa, wakahofu hakimu atayachukua kama mwaliko wa kitanzi. Wakili George Bizos akamshauri angalau aongeze "ikibidi". Akaongeza. Akasoma takriban saa tatu. Huyo ni mtu aliyejua kabisa kwamba msikilizaji wake hayumo kwenye chumba kile. Alimtumia adui kama karani, hakusubiri adui amhurumie.

Lumumba, 30 Juni 1960, hakuwemo hata kwenye ratiba. Waliopangwa ni mfalme Baudouin na Rais Kasavubu. Mfalme akausifu ukoloni kana kwamba ulikuwa zawadi, Lumumba akasimama akayataja matusi, vipigo na mashamba waliyonyang'anywa, huku redio ikiwa hewani. Hata miezi saba haikupita alikuwa ameshauawa, 17 Januari 1961.

Kwa hiyo kiongozi hodari huchagua jukwaa lake. Swali la haki kwa Kibachia ni kama alilichagua.

KijanaWaLikoni

Wazee shikamooni. Mimi nauliza la kijinga: hizo hotuba zilimwongezea nani mshahara? Mnazungumza kama watu walikombolewa kwa maikrofoni.

Halafu ile ya Mandela alipoapishwa 1994, "hofu yetu kubwa si kwamba hatutoshi", mbona hamuitaji? Hiyo ndiyo kali kuliko zote.

Mwalimu_Zamu

@KijanaWaLikoni marahaba. Hiyo haimo kabisa kwenye hotuba ya Mandela ya 1994. Ni maneno ya mwandishi Mmarekani, Marianne Williamson, kutoka kitabu chake cha 1992. Watu wamembandika Mandela kwa sababu yanapendeza zaidi yakitoka kinywani mwake.

Kama unataka ya Mandela mwenyewe, soma ile ya 11 Februari 1990, siku aliyotoka gerezani, Cape Town. Alisahau miwani yake kulekule gerezani, akaisoma kwa miwani ya Winnie. Si hotuba tamu, imejaa salamu za chama na majina. Lakini aliwaambia watu wake kwamba sababu za kushika silaha bado zipo, siku ambayo dunia nzima ilitaka atabasamu tu.

KijanaWaLikoni

Sawa mwalimu, lakini swali la mshahara limebaki pale pale.

MjukuuWaKuli

Hili la mshahara niachieni. Babu yangu alikuwa kuli Kilindini, na nyumbani kwetu mwaka 1947 ulitajwa kama watu wengine wanavyotaja mwaka wa njaa.

Kwanza muelewe walikuwa wanagomea nini. Si pesa peke yake. Mji ulikuwa na ngazi: Mzungu juu, Mhindi na Mwarabu kati, Mwafrika chini, na kila ngazi ina mshahara wake hata kama mikono inafanya kazi ileile. Bei zilipanda wakati wa vita vya pili, vyumba Majengo vikapangwa kwa vitanda. Wakadai malipo sawa kwa kazi sawa, pesa ya nyumba, na waache kudharauliwa kazini. Hilo la dharau walilisema waziwazi. Mabwana wa kampuni walishangaa, wakidhani kuli ana tumbo peke yake.

Sasa kuhusu hotuba. Unajua hotuba iliyofanya kazi sawasawa 1947 ilikuwa ya nani? Ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kwenye Baraza la Kutunga Sheria, aliyekuja kutoka Nairobi kuwasihi watu warudi kazini kwa ahadi kwamba malalamiko yatachunguzwa. Wakarudi. Simlaumu sana, njaa ilishaingia na askari walikuwa barabarani. Lakini tukisema hotuba zina nguvu, tukubali pia kwamba ile yenye nguvu kuliko zote Mombasa ilikuwa ya kuzima.

Tume ya uchunguzi ikawekwa chini ya Jaji Thacker, yuleyule ambaye miaka mitano baadaye alikaa Kapenguria akamfunga Kenyatta. Nyongeza kidogo ikatoka. Agosti mwaka uleule wa 1947 Kibachia akakamatwa, akapelekwa Baringo, akakaa huko miaka kama kumi. Hapo nauliza @Mwalimu_Zamu: mtu anapewa miezi saba ya uongozi, halafu unamuuliza mbona hakuchagua jukwaa?

Machi 1955 makuli waligoma tena, na sasa ni wakati wa Hali ya Hatari. Akaja Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, umri miaka 24, akakaa mezani na waajiri. Mshahara ukapanda asilimia 33. @KijanaWaLikoni jibu lako hilo. Babu alikuwa akisema Mboya alizungumza na makuli kwa sauti ya chini kuliko walivyotarajia, akawaeleza hesabu. Hesabu! Tani, saa, shilingi. Wakamuelewa kuliko waliomtangulia wakiwapigia kelele.

Na Mboya huyohuyo Disemba 1958 ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote kule Accra, akawaambia wakoloni waliogawana Afrika Berlin kwamba sasa wakati wao umekwisha, watoke. Kila mtu anaijua ya Accra. Ya Kilindini haina hata picha.

BintiGanze

Nimesoma mpaka hapa, wanaume watupu. Haya, karibuni na mimi.

Mekatilili wa Menza hakuwa na kipaza sauti, hakuwa na chama, hakuwa na gazeti. 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za mashamba na barabara, walipe kodi ya nyumba, na machifu wa serikali wachukue nafasi ya wazee wa kaya. Mama huyu alikuwa mjane. Akazunguka mji hadi mji kwa ngoma ya kifudu, ngoma ya matanga. Watu wakija kucheza, anazungumza. Hapo mnataka kibali gani cha mkutano? Akamaliza kwa kuwalisha watu kiapo Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, wanawake kwa wanaume, kwamba hakuna atakayeshirikiana na serikali. Wakashika kiapo mpaka ofisi ya mzungu ikakosa hata wa kubeba mizigo.

Oktoba 1913 wakamkamata wakampeleka Kisii. Tazameni ramani muone Kisii iko wapi na Giriama iko wapi. Akatoroka, akarudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti, ikachoma nyumba, ikatoza faini.

Ile hadithi ya kuku na kifaranga mnaijua: alimwambia ofisa ajaribu kumchukua kifaranga aone mama yake atafanya nini. Kila mji unaisimulia kivyake. Kwangu mimi hiyo ni hotuba iliyotimia, na haikuhitaji karani. Ilihifadhiwa na wajukuu.

Mkitaka ya bara, 16 Machi 1922 Nairobi, watu wamekusanyika nje ya polisi kudai Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi aliyekamatwa, aachiliwe. Wazee wakarudi kutoka kuzungumza na serikali, wakaanza kuwaambia watu watawanyike. Muthoni Nyanjiru akawapandishia nguo yake na kuwaambia waivae wao, wampe suruali zao. Sentensi moja. Askari wakapiga risasi, naye akawa miongoni mwa waliokufa. Hapo mtaniambia hotuba ni lazima iwe na ukurasa?

MakupaJuu

Dada, umenisaidia na umeniumiza. Hebu tazama: tarehe ulizozitaja zote, kukamatwa, Kisii, kutoroka, zinatoka kwenye mafaili ya maofisa waliomwinda. Wajukuu wametupa kuku, serikali imetupa kalenda. Mimi nataka vyote viwili.

Mwalimu_Zamu

Niongeze moja kwa BintiGanze, maana kuhifadhi nako kuna hatari zake. Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa utumwani New York, alihutubia mkutano wa haki za wanawake Akron, Ohio, mwaka 1851. Wiki chache baadaye rafiki yake alichapisha gazetini aliyoyasikia. Miaka 12 baadaye mwanamke mwengine, Frances Gage, akachapisha toleo lake, na ndilo lililoenea duniani. Ndani yake Truth anazungumza lafudhi ya watumwa wa kusini. Shida ni kwamba Truth hakukulia kusini, na lugha yake ya utotoni ilikuwa Kiholanzi! Aliyempenda ndiye aliyemvalisha mdomo usio wake.

Kwa hiyo MakupaJuu, adui si karani mbaya kuliko wote. Mpenzi naye tumchunge.

Mswahili_wa_Kale

Assalaam aleikum jamaa. Nauliza kwa adabu: mnasema "uhuru" kana kwamba Mombasa nzima ilikuwa ikitaka kitu kimoja. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale. Kwetu miaka ile ya 1960 na 1961 mikutano ilikuwa ya Mwambao, yaani wale waliotaka pwani ijitawale mbali na Kenya. Maili kumi za pwani zilikuwa za Sultani wa Unguja, Waingereza wakizishika kwa mkataba wa 1895 na kulipa kodi kila mwaka, na bendera nyekundu ya Sultani ikipepea Fort Jesus mpaka 1963. Walikuwepo wasemaji hodari mno, akina Sheikh Abdillahi Nassir, wakisema Pwani ina haki ya kujiamulia. Robertson, mjumbe wa Waingereza, akaja 1961, akasikiliza, akapendekeza tuunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Unguja, wakatia saini, Pwani ikaahidiwa makadhi, dini na hatimiliki zake za ardhi. Hotuba hizo hamzitii kwenye hesabu kwa sababu zilishindwa. Aliyeshindwa naye si alipigania alichokiita uhuru?

BintiGanze

Wa aleikum salaam, ami. Kwa adabu vilevile: uhuru wa nani? Babu zetu walikuwa maskwota kwenye ardhi yao wenyewe, wakilipa kodi ya ardhi kwa mwenye hati aliyekaa Mji wa Kale. Hizo hatimiliki zilizolindwa 1963 ndizo zilizotufunga. Msemaji wa Mwambao alikuwa na ufasaha, sikatai, lakini Mgiriama akisikia "tuachiwe pwani yetu" alikuwa akijiuliza "yetu" inaishia mtaa gani. Ndiyo maana wengi wetu walikwenda na Ronald Ngala na chama chake cha KADU, kilichotaka majimbo yajiendeshee mambo yao.

Mswahili_wa_Kale

Dada, hoja yako naiona, na wapo waliosema hivyohivyo zama zile, usoni kwa wasemaji. Lakini maskwota wa Kilifi hawakupewa ardhi na serikali ya Nairobi pia. Na Ngala wako? Novemba 1964 alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa, akahamia upande wa serikali. Majimbo yakafa nayo. Hiyo hotuba ya Mpwani, tena ya kujivunja mwenyewe, imehifadhiwa neno kwa neno kwenye kumbukumbu za bunge!

BintiGanze

Hapo umenipata kidogo ami. Kidogo tu.

TangaKwetu

Wakuu, jirani yenu nimepita. Huku kwetu kila mtoto anaijua ile ya Mwalimu, 22 Oktoba 1959, ndani ya baraza la kikoloni: kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, "umulike nje ya mipaka yetu, ulete tumaini pale ambapo hakuna matumaini, upendo pale ambapo pana chuki, na heshima pale ambapo pamejaa dharau." Tena haikubaki maneno. Usiku wa 9 Disemba 1961 Luteni Nyirenda alikuwa juu kileleni na mwenge wenyewe.

Ila nimpe BintiGanze pointi. Mwalimu alipewa watu na Bibi Titi Mohamed. Kabla ya TANU Bibi Titi alikuwa mwimbaji wa vikundi vya ngoma Dar, na 1955 aliwapitia wanawake wa vikundi hivyo mmoja mmoja, wakaingia chamani kwa maelfu. Wanaume wasomi waliogopa kazi zao serikalini. Hotuba zake nyingi zilifanyika uani, chini ya mwembe, kwenye harusi. Nani aliziandika? Halafu baada ya uhuru akashtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akatoka 1972. Miaka mingi jina lake halikutajwa hadharani.

MakupaJuu

TangaKwetu umegusa penyewe. Uhuru uliposhika, karani wa polisi hakufukuzwa kazi. Alibadilishiwa bendera tu.

Aprili 1965, Kandara, Kenyatta alimgeukia Bildad Kaggia mbele ya umati. Huyu alifungwa pamoja naye Kapenguria, na sasa alikuwa akidai ardhi ya bure kwa wasio nayo. Akamuuliza: wenzako tuliofungwa nao wana mashamba na biashara, wewe umejifanyia nini? Mtu aliyesema 1952 kwamba damu ni rangi moja! Mimi nikiziweka hotuba hizi mbili pamoja hujiuliza kama ni kinywa kimoja.

Na sisi Mombasa tuna wetu. Abdilatif Abdalla, kijana wa miaka 22, mwaka 1968 aliandika karatasi iliyouliza "Kenya: Twendapi?" Ikasambazwa kwa siri. Alisema tu kwamba serikali isiyosikiliza watu inawasukuma watu pabaya. 1969 akafungwa miaka mitatu, Kamiti, sehemu kubwa peke yake, akawa anaandika mashairi kwenye karatasi za choo. Tazama jinsi ilivyo: Kibachia alikuwa na maelfu ya wasikilizaji na hakuna karatasi. Abdilatif alikuwa na karatasi na hakuruhusiwa msikilizaji hata mmoja. Yupi tunayemsoma leo?

@Mswahili_wa_Kale, mkubwa wake ni huyohuyo Sheikh Abdillahi uliyemtaja. Nyumba moja, mmoja akisemea Mwambao, mwengine akiiuliza Kenya inakwenda wapi.

KijanaWaLikoni

Maze. Hii ya karatasi za choo sikuijua, na nimesoma Mombasa tangu chekechea.

Lakini sasa mnasemaje kuhusu leo? Mkutano Tononoka, simu mia tano ziko juu zinarekodi. Karani tunaye kila mmoja mfukoni. Na mheshimiwa akipanda anaimba, anamtukana mpinzani, anacheza, anashuka. Kila neno limehifadhiwa. Mnitajie moja ambalo mjukuu atalitafuta.

MjukuuWaKuli

@KijanaWaLikoni usitazame jukwaa, tazama anayejibiwa. Kule Kilindini 1947 waliohutubia walikuwa wagomaji wenyewe, leo kuli anakuja Tononoka kusikiliza. Hata ungemrekodi mheshimiwa kwa mitambo ya Hollywood utapata kile alichonacho.

Nyingine: waajiri na serikali walikuwa wakieleza mbele ya tume ya Thacker, na wafanyakazi pia walitoa malalamiko yao pale. Mafaili ya kazi ya enzi hizo yako Hifadhi ya Taifa, Nairobi. Si hotuba za Kiwanja cha Maskini, lakini ni vinywa vya watu walewale, wiki chache baadaye.

Mwalimu_Zamu

Na yaliandikwa na karani wa serikali. MakupaJuu, naona umeshinda kwa njia ya nyuma.

MakupaJuu

Sijashinda mpaka niyasome. Nairobi nakwenda likizo ya Aprili kwa shughuli zangu, nitaingia pale niombe faili. Wakati huohuo, mwenye mzee nyumbani aliyesikia kwa masikio yake au kwa baba yake yaliyosemwa Kiwanja cha Maskini, ayaweke hapa, hata kama ni wimbo, hata kama ni tusi kwa mabwana wa kampuni. Mtaje nani kasimulia na alikuwa nani kazini. Na tafadhali, za kutunga msiniletee. Marianne Williamson mmoja anatosha.

BintiGanze

Bibi yangu mzaa baba aliuza uji karibu na geti la bandari. Nitamuuliza shangazi.